Zambarau Kwenye Shuka la Mama

Nimefua mashuka ya watu kwa zaidi ya miaka arubaini, na madoa yaliyonishinda nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hayo nimeshayasamehe. Linalonikera mpaka leo ni doa moja ambalo nililishinda mimi, likatoka lote bila ya kuacha hata kivuli. Nilipojaribu kulirudisha ndipo nilipojua kuwa kazi yangu nilikuwa naijua nusu tu.

Nakuandikieni nyinyi wanangu mnaofua katika mahoteli ya Mji Mkongwe na kule pwani ya mashariki, mnaobonyeza kitufe na kwenda kuchezea simu mpaka mashine ikuiteni. Sikulaumuni. Mgongo wangu ungeipata mashine mapema, leo ungekuwa umenyooka. Lakini mashine haina pua. Doa hunuswa kwanza, halafu huguswa kwa kidole, halafu ndiyo hutiwa maji. Nyinyi naona mnaanza na maji. Hata mimi nilianza na maji, na nikapewa sahani.

Nitakwambieni habari ya sahani.

Niliacha skuli nikiwa darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujatimia, na mimi nikabaki mkubwa wa nyumba nikiwa na miaka kumi na tatu. Nyuma yangu kulikuwa na Makame, wa miaka sita, na Zuhura ambaye bado alikuwa anatambaa. Jirani yetu Bi Kidawa, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na pazia, alikubali kukaa na wadogo zangu mchana ili nitafute kazi. Nikaipata kwa Mzee Ramji, dobi wa Mkunazini. Alikuwa Mhindi mfupi mwenye masharubu yaliyosimama kiasi kwamba watu walisema anayatia kanji anapotia kanji makanzu ya wateja, naye hakuwahi kukanusha.

Siku ya kwanza alinipa shuka lenye doa la damu ya pua. Nikaona hapa ndipo pa kuonesha bidii. Nikachemsha maji mpaka yakatokota, nikalimwagia.

Mzee Ramji akaja, akatazama. "Umefanya nini?"

"Nimelitia maji ya moto, Mzee. Lilainike."

"Yai ukilitia maji ya moto linalainika?"

"Linakuwa gumu."

"Basi na damu hivyo hivyo. Umelipika. Chukua sahani ulipakue."

Nilidhani ni maneno tu. Akaleta sahani kweli, ya bati, akaniwekea mkononi, nikasimama nayo mlangoni mpaka adhuhuri, na kila mteja aliyeingia akiniuliza kinapikwa nini. Tangu siku hiyo sijasahau, na nyinyi msisahau: damu, yai na maziwa ni maji ya baridi na chumvi, na haraka. Maji ya moto huyafunga ndani ya uzi na hayatoki tena.

Manjano nayo nilijifunza kwa kupiga ukelele. Ilikuwa mkesha wa Sikukuu, asubuhi, bwana mmoja wa Malindi kaleta kanzu lake jeupe limemwagikiwa mchuzi. Nikalipaka sabuni ya mche, nikasugua, na lile doa la manjano likageuka jekundu mkononi mwangu, wekundu wa kuchinja. Nikaitazama mikono yangu, nikahesabu vidole, vyote vipo. Nikamwita Mzee Ramji huku nalia kwamba kanzu linatoka damu.

Alicheka mpaka masharubu yakainama, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena. Kumbe manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu, ndiyo tabia yao, na ukilisuuza vizuri unarudi umanjano wake wa mwanzo. Dawa yake ni jua. Tukalipandisha juu ya paa, tukalitandaza likiwa majimaji, na kila nusu saa nilikwenda kulichungulia likififia. Mwenyewe akaja kuulizia kanzu lake kabla halijamaliza.

"Lipo juu," Mzee Ramji akamwambia. "Linaota jua kidogo."

"Kwani linaumwa?"

"Lilikuwa na baridi."

Alasiri lilikuwa jeupe. Yule bwana alisali nalo Sikukuu na hakujua kuwa lilishawahi kuwa jekundu. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yetu. Mteja hapaswi kujua ulivyoogopa.

Jambo jingine alilonifunza ni kuwa doa haliulizwi la nani, huulizwa la nini. Nilipokuja kufanya kazi hotelini nililiona faida yake. Kulikuwa na mgeni mmoja, mtu mzima na ndevu zake, aliyeficha shuka chini ya uvungu siku mbili. Wasichana wa vyumba walipolitoa wakaanza kunong'onezana. Mimi nikalinusa. Hiliki na samli. Yule mtu alikula halua kitandani akapitiwa na usingizi juu yake. Siku ya tatu tukakuta karatasi juu ya mto, kachora sahani, kachora halua, kachora na yeye mwenyewe amelala, na mshale kutoka kwenye halua mpaka mgongoni. Maskini, alihofia tutamdhania mengine. Mafuta ya namna hiyo yanyunyizie poda ya watoto, iache inywe samli, ikung'ute, halafu sabuni na maji ya moto. Mchoro niliuhifadhi. Alikuwa anajua kuchora.

Na hina. Hili litieni akilini, nitalirejea. Wageni hupenda kuchorwa hina na rangi nyeusi ya piko ufukweni, kisha huja kujitupa kitandani nayo mbichi. Nimeshaona shuka utasema wamepita kuku mia. Hina usiisugue. Chukua kijiko, ikwangue taratibu kutoka nje kwenda ndani, halafu maji ya baridi, halafu sabuni. Mzee Ramji alikuwa akisema hina inakupa saa moja. Ukiiwahi ndani ya saa moja, wewe ni fundi. Ikipita, sema Alhamdulillahi na umtafutie mwenye shuka lake shuka jingine.

Sasa nije kwenye zambarau.

Mama alipokuwa na mimba ya Zuhura alishikwa na hamu ya zambarau. Hakutaka wali, hakutaka chai. Alizila kutwa, tena kitandani, amekaa kitako juu ya shuka lake jeupe la harusi alilolidarizi maua ya asmini pembezoni kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja Makame, ambaye upuuzi wake ulianza mapema, akamuuliza kama mtoto atatoka na ulimi wa rangi ya zambarau. Mama akacheka. Akacheka mpaka bakuli likapinduka.

Doa lilikaa katikati, refu, limemegekamegeka kandoni. Mama alilifua, halikutoka. Alipofariki, shuka lile ndilo tulilolitandika kwenye kitanda chetu cha watu watatu, na Makame alipoanza skuli na kuoneshwa ramani, alirudi nyumbani mbio. "Dada, shuka letu lina Pemba."

Ikawa Pemba tangu siku hiyo. Aliyelala Pemba alikuwa katikati, na katikati ndiko kulikokuwa na joto, kwa hiyo tulipeana zamu, na zamu ziligombaniwa kuliko chakula. Zuhura alijua kusema "Pemba" kabla hajajua kusema "maji". Kila alipougua alitaka nimsimulie bakuli lilivyopinduka, na mimi nikimsimulia, na kila mara bakuli likazidi kuwa kubwa.

Lakini mimi nilikuwa dobi. Mnaelewa? Kila siku nalitoa doa la watu, na kila usiku nalalia langu. Nilipofika miaka kumi na sita nikalijaribu kwa njia ya Mzee Ramji ya madoa ya matunda: unalikaza shuka juu ya beseni, unapanda juu ya kiti, unamimina maji yanayochemka kutoka juu ili yapige. Yakapiga mguu wangu. Pemba haikutikisika. Nikatumia ndimu na chumvi, nikatumia jua la kaskazi mwezi mzima. Mwisho nikalibeba nikampelekea Mzee Ramji mwenyewe. Alilihangaikia siku mbili, kisha akanirudishia.

"Hili si doa tena," akasema. "Hili mkaazi. Lipatie kitambulisho."

Miaka ikaenda. Mzee Ramji alifariki, duka likageuzwa la vinyago, mimi nikaingia hotelini. Makame akawa seremala Kiembe Samaki. Zuhura alisoma mpaka akawa muuguzi, na wachumba aliwarudisha mmoja mmoja, huyu ana kiburi, huyu anakoroma hata akiwa macho, mpaka watu wakachoka kumuuliza. Alipotimia miaka thelathini na nne akatuambia kuna mwalimu wa hesabu wa Chukwani, mpole, na kwamba huyu hamrudishi. Alikuwa bado anaishi nami Michenzani, ghorofa ya nne. Bi Kidawa alikuwa jumba hilo hilo, chini yetu, na habari ikamfikia kabla sijamaliza kushuka ngazi.

Zuhura aliniomba kitu kimoja tu. Kitanda chake Chukwani kitandikwe shuka la mama.

Mnajua ilivyo kwetu. Kitanda cha biarusi hutandikwa na wanawake wa upande wake, kikamwagwa asmini, kikafukizwa udi, na wanawake wa upande wa pili hupita mmoja mmoja kutazama. Hujua ni shuka gani na uzi gani. Nikaona haya mapema. Biarusi ametandikiwa shuka lenye doa, na dada yake dobi!

Mwezi ule ule hoteli ilikuwa imeletewa unga mpya mweupe, ukiutia kwenye maji ya vuguvugu unatoa vipovu utasema soda. Nikaomba vikombe viwili. Nikalitia shuka la mama kwenye beseni, nikakaa mbele yake juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikasubiri.

Kwanza ikapotea Micheweni, kaskazini ya Pemba yetu. Nikasogea karibu. Kisha Wete ikaanza kupauka. Ilipofika Chake Chake nikamwita Bi Kidawa aje ashuhudie, akapanda ngazi zote zile na magoti yake. Mkoani ilishikilia mpaka alasiri, halafu nayo ikaenda.

"Mashaallah," Bi Kidawa alisema. "Ramji angekuwa hai angekupa duka."

Nililianika nikiwa naimba.

Ilikuwa Jumatano, zimebaki siku tatu kabla ya harusi, wanawake walipokusanyika sebuleni kwangu kupanga vitu vya chumba. Nikalipeperusha shuka mbele yao kama nifanyavyo kazini, likajaa hewa, likatua. Bi Kidawa akajifanya kuziba macho kwa mwanga. Zuhura akashika ncha yake. Akaligeuza, akatazama. Akaligeuza tena upande wa pili.

"Dada, Pemba iko wapi?"

"Nshaitoa." Nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja kuvishwa nishani.

"Umeitoa."

"Yote. Mkoani ilinisumbua kidogo."

Akalikunja mara mbili, akalikunja mara nne, akaniwekea mikononi. "Basi tandikeni shuka lolote," akasema, akaingia jikoni.

Nikamfuata. "Zuhura, mdogo wangu, watu wa Chukwani wangesema nini?"

"Wangesema lina doa. Na mie ningewaambia ni la nini." Alikuwa amenipa mgongo, anaosha kikombe kilichokuwa safi. "Wewe mama umemjua, Dada. Alikusuka, alikupiga, alikutuma dukani. Makame anaikumbuka sauti yake. Mie sina nnachokikumbuka. Alikula zambarau kwa sababu yangu, akacheka, akamwaga. Hicho tu ndicho changu. Nililala juu yake."

Nilimlea tangu anatambaa na sikuwahi kulifikiria hilo. Mimi miaka yote nilikuwa naona doa.

Kuanzia hapo asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, Dada," nami nikamjibu, "Marahaba," na baina ya salamu ya leo na ya kesho hapakuwa na neno. Niliona wazi kuwa mdogo wangu atatoka nyumbani kwangu kwenda kwa mumewe akiwa ameninunia, na kununa kwa namna hiyo huolewa pamoja na mtu.

Nikaamua kulirudisha doa. Nikajiambia, mtu aliyetoa madoa miaka yote hii atashindwaje kutia moja? Watoto wa miaka miwili wanaweza.

Asubuhi nikawa Darajani. Nikamuuliza muuza matunda kama ana zambarau.

"Bibi, zambarau si msimu wake. Chukua machungwa."

"Machungwa hayaachi doa."

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Mie nataka linaloacha doa."

Akanitazama, kisha akamtazama mwenzake, kisha akanipunguzia sauti kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Basi rudi mwezi wa pili, Bibi. Tutakuwekea."

Nikanunua choya, yale maua mekundu ya kutengenezea sharubati. Nikaichemsha ikawa nyekundu ya kuvutia, nikaitonesha kwenye kitambaa cheupe cha majaribio, kitambaa kikiwa na sabuni kidogo ambayo sikuiona, na choya ikageuka kijani. Pemba ya kijani. Nikajaribu chai ya rangi, ikatoka Pemba iliyoungua. Nikajaribu wino, rangi ikapatikana lakini harufu ikawa ya ofisi. Na balaa kubwa lilikuwa mikono yangu. Nikishatia doa na kusimama kulitazama, mikono inaanza kazi peke yake. Doa la chai nililipata limeshatiwa ndimu kabla sijaamua kama linafaa. La pili nilijikuta nalisuuza. Bi Kidawa ikabidi akae pembeni yangu, na kila mkono wangu ukisogea kwenye ndoo anaupiga kofi.

"Ikalie," ananiambia. "Mikono yako haina adabu."

Nikampigia simu Makame aje anisaidie umbo. Katika nyumba nzima hapakuwa na picha ya shuka lile. Nani anapiga picha shuka? Makame akaja na penseli sikioni, akalitandaza sebuleni, akalizunguka mara mbili kama anayepima mlango. Kisha akavua viatu akalala juu yake, amejikunja, magoti kidevuni, seremala wa miaka arubaini mwenye kitambi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nnaitafuta. Mie nililala hapa miaka mingi, mgongo haudanganyi." Akajisogeza. "Kichwa hapa. Basi Mkoani inaangukia hapa, kiunoni."

"Kiuno hicho ulikuwa nacho ukiwa na miaka minane," Bi Kidawa akasema. "Sasa kiko wapi?"

"Kipo, Bi Kidawa."

"Miye sikioni."

Akachora. Nami nikachanganya choya nzito na kijiko cha chai, nikanusa, nikaona inakaribia, nikaimimina ndani ya mstari. Ikaheshimu mstari kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu ikatoka upande huu, ikatoka upande ule, ikaota vitu viwili juu na vinne chini. Tukasimama watatu tukaitazama.

"Kwa mbali ni Pemba," Makame akasema.

"Mbali wapi?"

"Tanga."

Alikuwa ng'ombe. Mwenye haki angesema ng'ombe mzuri, lakini ng'ombe. Na muda ulikuwa umekwisha, maana ilikuwa Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, na ndani Zuhura alikuwa anatiwa hina. Nikaona bora anicheke kuliko aninyamazie. Nikalibeba hivyo hivyo.

Alikuwa ameegemea mto juu ya mkeka, mikono na miguu kainyoosha, hina mbichi kotekote, na mpambaji anamalizia mguu. Biarusi akitiwa hina hawezi hata kujikuna pua, kwa hiyo Bi Kidawa alikwenda akakaa kichwani kwake kumlisha halua kwa kijiko. Makame, kwa kuwa mwanamume, alibaki nyuma ya pazia la mlango. Nikalikunjua shuka mbele ya Zuhura, likamfunika mapaja, nikangoja.

Aliliinamia, akalifuata kwa macho kutoka juu mpaka chini.

"Nini hii?"

"Pemba," Makame akajibu nyuma ya pazia.

"Kaka, hii ina pembe."

"Hiyo Micheweni."

"Na miguu je? Ina miguu minne. Pemba haikuwa na miguu."

"Mie nililala juu yake, wewe."

"Ulilala lini? Zamu zako zote ulikuwa unaniuzia kwa ubuyu." Alikuwa ameshakaa kitako, sauti imepanda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano uso wake ulikuwa na damu. "Tena wala haikuwa hapo. Ilikuwa juu zaidi, kuelekea lile ua la juu lililokatika uzi. Haikuwa huko chini. Ilikuwa hapa."

Akaonesha. Akaonesha kama mtu yeyote anavyoonesha mahali anapopajua, kwa kiganja kizima, akakibana kabisa ili Makame asiyeona aone.

Halafu akaunyanyua mkono. Kiganja chake kilikuwa pale juu ya shuka jeupe, vidole vitano, na ua la hina katikati.

"Mkono wangu," mpambaji akasema. Ulikuwa mkono wa Zuhura, lakini saa nzima ya kuuchora ilikuwa yake.

Mimi nilishafika. Sikumbuki kutembea. Nilikuwa nimekwishamnyang'anya Bi Kidawa kijiko, halua na yote, nimekilamba kikawa safi, nimepiga magoti, nimeanza na kidole gumba, kutoka nje kwenda ndani.

"Dada."

"Naam."

"Weka kijiko."

"Hina bado mbichi, Zuhura. Nikiiwahi ndani ya saa moja haitabaki hata—"

"Nnajua. Umeniambia tangu mdogo. Weka kijiko, ukae."

Nikaweka. Nikakaa. Mikono ikaanza kusogea, nikaikalia.

"Sasa nisimulie bakuli lilivyopinduka," akasema.

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye ulimi wa zambarau, Makame akadakia nyuma ya pazia kwamba swali lile lilikuwa la busara na kwamba hakujibiwa mpaka leo. Zuhura akatoa ulimi kumwonesha, akasahau kuwa kuna pazia, na mpambaji akamsihi asicheke kwa sababu mguu unatikisika. Alicheka. Mimi huku jicho langu liko kwenye saa ya ukutani.

"Robo saa imepita, Riziki," Bi Kidawa akaninong'oneza.

"Nnaona."

"Nusu saa. Bado unaweza."

"Bi Kidawa, kula halua."

Saa moja iliisha. Niliijua kabla ya kuitazama, ikaniingia kwenye mifupa. Hina ilikuwa imekauka, imeshika uzi, na duniani hapakuwa na unga wala ndimu wala jua la kuitoa. Zuhura akaniangalia kuona kama nimevumilia.

"Na ng'ombe?" nikamuuliza, maana nilikuwa nakaribia kufa.

"Ng'ombe mtoe."

Sijawahi kupewa zawadi kama ile. Nilimtoa kwa maji na ndimu, pembe kwanza, halafu miguu mmoja mmoja, nikiuzunguka mkono wa Zuhura bila ya kuugusa. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na wanawake wa Chukwani waliopita kutazama kitanda hawakumwona ng'ombe. Waliuliza juu ya mkono. Zuhura aliwaeleza kila mmoja, kuanzia bakuli.

Kwa hiyo wanangu, nuseni kwanza, nimeshasema. Lakini kabla ya kunusa, muulizeni mwenye shuka kama anataka litoke. Mzee Ramji hakunifunza hilo.

Zuhura sasa ana binti wa miaka minane. Nimesikia kwamba akiumwa huweka kiganja chake juu ya kile cha mama yake kwenye shuka na kupima amekua kiasi gani. Nimesikia tu, sijaona. Kila nikienda Chukwani, yule mtoto hunichungulia dirishani, huitazama mikono yangu, halafu hukimbia ndani akiita, "Mama, mama mkubwa kaja," nami nikiwa bado mlangoni navua viatu nasikia kabati likifungwa, na ufunguo ukizungushwa mara mbili.